Kisanduku Chini ya Kiti cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli. Miaka kumi na moja naendesha lori la saruji njia ndefu, nalala kwangu usiku mmoja kwa wiki. Jana kitindamimba wangu alimkimbilia mama yake kumwambia mgeni amekuja. Mgeni ni mimi!

Leo bahati imebisha hodi. Njia fupi inatafuta dereva. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, unalala kitandani kwako. Meneja amesema itakwenda kwa atakayeendesha kwa adabu kuliko wote wiki hii. Tutakwenda machimboni kwa msafara, na kila lori limefungwa kisanduku cheusi. Fundi alieleza kuwa malori yakikaribiana, visanduku vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, bila waya. La mbele likifunga breki, la nyuma linaambiwa. Ukimsogelea mwenzako mno, kisanduku kinapiga kelele na kosa linaandikwa.

Mshindani ni mmoja tu: Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu. Anaendesha kama aliyepakia mayai. Simpendi mtu asiye na kasoro.

Jumanne, 4 Machi
Makosa kumi na tisa. Shemeji, hata moja. Kwani kumsogelea mwenzako ni dhambi?

Jioni nimekizungushia kisanduku ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Nimeichukua jikoni. Tabaka nne. Tuone kama kitasema tena.

Jumatano, 5 Machi
Kimya kitamu! Niliendesha nikiimba. Kwenye mteremko mbuzi akavuka, nikakanyaga breki. Kisanduku changu, mdomo umezibwa, hakikumwambia mtu. Lori la nyuma likanigonga, taa zote mbili za nyuma zikavunjika. Dereva wake alishuka akauliza kama nimerogwa.

Meneja aliiona karatasi. Nikasema ni ya kuzuia joto. Akamwita fundi aibandue. Nyumbani mama watoto naye anauliza nani kaimaliza karatasi yake. Sina raha popote.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Kama kisanduku kinaandika adabu ya dereva, basi kikae na mwenye adabu. Asubuhi Shemeji alipokuwa anakunywa chai nilikichomoa changu, betri yake ikiwa ndani, nikakitumbukiza chini ya kiti chake. Yeye hakosei, kwa hiyo nami sitakosea. Nimeshangaa hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nani angejua! Jana visanduku viwili ndani ya lori moja viliamini malori yetu yamepandana. Vilipiga kelele vyote viwili, toka getini hadi machimboni na kurudi. Kwangu makosa mia nne na kumi na mawili. Kwake vilevile. Wanasema Shemeji alisimama mara sita, akashuka, akalizunguka lori lake kumtafuta aliyemganda. Hakumwona mtu. Mimi nilikuwa kilomita nne nyuma yake.

Alikikuta. Akanirudishia kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, akasema tu nimsalimie dada yake. Kwa Meneja akasema visanduku vilichanganyikiwa, na siku ile ikafutwa kwetu sote wawili. Wema gani huu? Lazima ana lake jambo.

Leo saa nane mchana mshindi akatangazwa. Shemeji, bila shaka. Nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Machi
Sikubali. Asubuhi nimesukuma barua chini ya mlango wa Meneja. Mkono wa kushoto, bila sahihi. Nimeandika kuwa dereva wa njia fupi haoni vizuri, apimwe macho kabla hajaua mtu. Jina sikutaja. Mimi si mtoto, ukimtaja mtu atakutafuta.

Mama watoto akauliza mbona vidole vya kushoto vina wino. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatatu, 10 Machi
Meneja aliniita. Akanipa mkono! Kumbe Shemeji alimfuata Ijumaa ileile jioni, akaomba njia fupi nipewe mimi. Alisema wa kwake wamekwisha kukua, na hataki mpwa wake aendelee kumwita baba yake mgeni. Nililia, naandika ukweli, nililia mbele ya Meneja. Dereva wa njia fupi ni mimi.

Meneja akaningoja nipanguse macho. Alipoona nimetulia akafungua droo, akatoa barua. Akasema kuna mwema mmoja ametoa tahadhari juu ya dereva wa njia fupi. Kesho kutwa niende kwa daktari wa macho. Nikifaulu, njia ni yangu. Nikifeli, usukani basi.

Kosa langu nimeliona: ningetaja jina.

Kitindamimba kaniuliza naondoka lini. Nimemwambia siondoki tena.

Jumanne, 11 Machi
Macho yangu ni mazima. Sisimizi akipita ukutani namwona. Lakini mtu mwenye akili haendi kwenye mtihani mikono mitupu. Mlinzi wa getini alipimwa kwa daktari huyohuyo mwaka jana, na anaukumbuka ubao wa herufi wote. Amenisomea mchana kutwa, nimeukariri toka juu hadi chini. Kesho sitahitaji hata kuutazama. Mlinzi mwenyewe alifeli, ni kweli, lakini anasema alizisoma kwa sauti nzuri sana.