Mkono wa Rubani

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa, ilitangaza kwamba ile ndege ndogo ya binafsi iliyotua jana kwa tumbo haikuwa na hitilafu yoyote. Rubani ndiye aliyepitiwa, akasahau kuteremsha magurudumu. Kilichomsahaulisha, redio haikukisema. Kazi hiyo ikabaki kwa wateja wa Mama Birika, ambao benchi lao liko ubavuni mwa uzio wa uwanja, pale ndege zinapopita chini kabisa.

Profesa, fundi cherehani asiyepitwa na jambo, alisema ni simu. Spana, fundi wa pikipiki, akasema ni mke; mwanamke akishaanza "unanisikiliza lakini?", hata magurudumu ya pikipiki mtu huyasahau. Mzee Breki, dereva mstaafu, akauliza magurudumu ya pikipiki yanasahauliwaje. Akaambiwa asiharibu mada.

"Alikuwa peke yake," Mama Birika alisema, akimimina kahawa. "Nilimwona, na ninyi mlimwona. Alikuwa anatupungia."

Kila mtu akatazama kikombe chake. Wiki iliyopita rubani huyo alipopita kunywa kahawa, walimweka kitimoto: siku hizi unapita juu ya vichwa vya watu wazima bila salamu, umeota mapembe? Kijana wa watu akaomba radhi, akaahidi kujirekebisha.

"Mkono wa kuteremshia magurudumu," Spana alisema polepole, "ndio aliotupungia."

"Na wewe ukampungia mikono yote miwili."

"Mimi nilikuwa namwonya, Profesa. Niliona tumbo la ndege tupu."

"Yeye akaona umefurahi. Akazidi."

Mama Birika hakucheka. Mkaguzi wa ajali angepita muda wowote, na angejua haya, benchi lingeng'olewa. Watoto wake walikuwa wanasoma kwa birika lile.

"Ndege ikipita, angalieni chini," aliamuru. "Atakayeinua mkono, kahawa akanywe kwao."

Mkaguzi alikuja, akaketi, akaagiza kahawa. Aliuliza kwa upole kama hapa kuna watu wanaowashughulisha marubani. Profesa akamjibu kwamba hapa ni watu wa kuangalia chini tu.

Hapo ikatokea ndege nyingine ndogo, magurudumu nje. Ikayumbisha mabawa kusalimia. Benchi zima likainamia vikombe. Ndege haikutua, ikapaa, ikazunguka, ikarudi chini zaidi na kuyumbisha tena. Hakuna aliyeinua kichwa. Ikapaa tena.

"Ana nini huyu?" mkaguzi aliuliza.

"Amenuniwa," Mzee Breki alisema, macho kwenye kikombe. "Anataka kujua ametukosea nini."

Ndege ilikuwa inarudi tena, na safari hii ilikuja imeinama upande, rubani kachungulia dirishani, anawakagua mmoja mmoja. Mama Birika aliliona benchi lake, akamwona na mtoto wa mwenzake kule juu. Akaweka birika chini.

"Mpungie, baba," alimwambia mkaguzi. "Wewe mpungie. Sisi tumekatazwa."

"Nani amewakataza?"

"Mimi."

Mkaguzi alimtazama, akaitazama ndege. Kisha akasimama, akapunga mikono yote miwili. Ndege ikanyooka, ikatua taratibu kama inavyotakiwa. Mkaguzi akaketi, akavuta kikombe chake, na lile swali lake hakulirudia.