Ombi la Kuitengua Sentensi Iliyomwozesha Binti Yangu

Nathanaeli Ndahani,
Mstaafu wa Reli,
Ihumwa, Dodoma.
21 Agosti 1995

Kwa Katibu,
Kamati ya Kongamano la Sarufi Rasmi na Sayansi ya Akili,
Dodoma mjini.

Ndugu Katibu,

Pokea salamu zangu za heshima, nikitumaini kwamba wageni wenu walirudi makwao salama na kwamba vumbi letu limeshawatoka masikioni. Mimi ni yule mzee wa koti la kijivu mliyemkalisha mbele kwa siku tatu, kwenye kiti cha peke yake, kama msemaji halisi wa Kigogo. Sina ugomvi na elimu. Nimepeperusha bendera za treni miaka ishirini na saba, na ninajua umuhimu wa mtu kujibu ndiyo au hapana kwa wakati. Ndiyo maana nalalamika.

Kazi mliyonipa ilikuwa moja. Dokta Evodia anasoma sentensi ya Kigogo, mashine inaimulika ukutani, nami najibu "nzuri" au "mbaya", basi. Ili sentensi zisikike za kawaida, Dokta aliniomba majina ya watu ninaowafahamu. Nikampa ya nyumbani: langu, la binti yangu Loisi, la kaka yangu mkubwa Sostenes. Likapungua moja la mwanamume. Wakati huohuo Yotham, mwenye mgahawa hapa Ihumwa, mliyempa zabuni ya chai na maandazi, alikuwa anapita na birika. Nikamtaja yeye. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kama ifuatavyo:

1. Siku ya pili, saa nne asubuhi, ukutani yalitokea maneno "Yotham amemwoa Loisi." Dokta akauliza, nzuri au mbaya? Nikasema nzuri. Watu arobaini waliokaa vitini wakaandika. Ndugu Katibu, sijui kwenu baba humtoaje binti yake, lakini kwetu huwa hivyohivyo: watu wanakuja, wanakaa, jina la kijana linatajwa pamoja na la binti, baba anaulizwa, baba anajibu. Neno la baba likishatoka mbele ya waliokaa halirudishwi. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mashine.

2. Huyo Yotham kaka yangu hamtaki. Amemkataa mara mbili, kwa sababu hana hata ndama, na kwa sababu, nanukuu, "mwanaume gani anashinda jikoni anakaanga?" Kaka alishampata mchumba mwingine, rafiki yake wa Chemba, mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Loisi aliposikia alilia siku mbili, ingawa kaka anasema hiyo ni kawaida ya mabinti. Mimi ni mdogo wake, na katika ukoo wetu mdogo husikiliza. Mnaona wenyewe mlikonitumbukiza.

3. Kisha Profesa Raphael alipanda jukwaani akasema kwamba sentensi ikiwa nzuri inaweza kurefushwa bila mwisho. Hakuna aliyemkataza. Akarefusha: "Nathanaeli anajua kwamba Yotham amemwoa Loisi." Nzuri. "Sostenes amefurahi kwamba Nathanaeli anajua kwamba Yotham amemwoa Loisi." Hii nayo nikasema nzuri, maana ilitiririka vizuri mdomoni. Kwa hiyo kaka yangu, ambaye saa hiyo alikuwa machungani hana habari, ameingia kwenye kumbukumbu za kongamano akiwa amefurahi. Kaka hajafurahi tangu Operesheni Vijiji ilipomhamisha kwa nguvu.

4. Miti. Mlichora sentensi kama miti, kichwa chini, shina juu na matawi yakielekea ardhini, wakati huku kwetu tunahimizwa kila mwaka kuipanda ikiwa imesimama. Hilo ningelisamehe. Lakini katika mti wa sentensi yetu Yotham ameketi juu, peke yake, upande wa kushoto, na binti yangu amewekwa chini kabisa, pembeni. Mke wangu Devota nilipomchorea aliuliza ni kwa nini. Naomba mmwandikie yeye moja kwa moja.

5. Hili ndilo kubwa. Profesa alisema mtu anapojibu nzuri au mbaya huwa hafikirii. Jibu limo akilini tangu tumboni mwa mama yake, hakufundishwa wala hawezi kulibuni. Yotham alikuwa anakusanya vikombe, akasikia. Wiki iliyopita mshenga wake alifika hapa na wazee wanne. Wakasalimu "mbukwenyi", tukaitika, wakaketi, kisha wakatoa redio kaseti. Kumbe mlimpa kanda ya kongamano! Sauti yangu ikajaa ua mzima: nzuri, nzuri, nzuri. Mshenga akafafanua kwamba wataalamu wa nchi tano wamethibitisha kuwa mzee Nathanaeli alimkubali Yotham kabla mzee Nathanaeli hajazaliwa, na kwamba anayebisha sasa anabishana na ubongo. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kaka alifungua mdomo akaufunga. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akikosa la kusema, na nakiri niliona aibu kwa niaba yake.

6. Majirani nao wamepata mchezo. Mtu akinikuta njiani, shikamoo yake haiji mpaka atunge kwanza sentensi. Juzi mmoja alinisimamisha sokoni akasema kwa sauti, watu wakisikia, "Nathanaeli amenipa jogoo wake mwekundu," kisha akasubiri niseme nzuri. Niligeuka nikashika njia ya nyumbani. Maisha gani haya, mtu anaogopa kusifia?

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako ikutane haraka, itamke kwamba sentensi ile ni mbaya, na iivishe ile nyota mnayozivisha sentensi zilizokataliwa. (Hili nalo ni la ajabu. Jeshini aliyeshindwa huvuliwa nyota, ninyi mnamvisha.) Pia naomba cheti kinachosema kwamba Sostenes Ndahani hakufurahi wakati wowote wa kongamano. Mkinipuuza nitafika kwa Mkuu wa Wilaya, na akishindwa yeye nitakwenda Bungeni, ambako kazi yao ni hiyohiyo ya ndiyo na siyo, watanielewa.

Msalimie Profesa Raphael, na Dokta Evodia, ambaye binafsi sina neno naye, maana alinishika mkono kila niliposhuka jukwaani. Msalimie pia yule dada aliyegawa beji, na wageni wote. Devota anawasalimu, na nyumba nzima inawasalimu.

Nabaki, kwa masikitiko na adabu,

N. Ndahani
(Baba Loisi)

N.B. Kaka Sostenes alikuwa ameketi ubavuni mwangu muda wote huu. Nimemsomea barua hadi kwenye sahihi, ameipenda, amesema itumwe, na sasa ameondoka kwenda kunywesha ng'ombe. Naandika haraka. Tafadhali, Ndugu Katibu, kataeni. Kataeni kwa ukali, kwa maneno marefu, kwa muhuri mkubwa kuliko yote mliyo nayo. Semeni sentensi ikishapitishwa na kongamano haitenguliki, na mwenye kinyongo amwandikie Profesa kwa Kiingereza. Kaka haogopi mtu, ila muhuri anauogopa. Mimi namwogopa yeye tangu nikichunga mbuzi wake. Nina miaka sitini na miwili na sijawahi kumwambia hapana. Yotham hakuwa anapita na birika, nilimwita mimi, nikajifanya nataka sukari. Ni kijana mwema, anamsikiliza binti yangu anapozungumza, na mimi sikujua mahali pengine pa kulisema hilo bila kukatizwa. Nawashukuru kwa kile kiti. Loisi anasubiri hapa mlangoni aipeleke bahasha posta, na viatu amevaa tangu asubuhi.