Nilivyomtaka Zuhura Awe Namba Moja

Nyie vijana wa kundi hili, acheni kwanza hizo picha zenu za kuchekacheka, msome. Leo nimeumbuka. Nawasimulia mwenyewe kabla Bi Tausi hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnamjua mjukuu wangu Zuhura, wa darasa la sita. Nakaa naye hapa Bigwa, mama yake yuko Turiani kwenye mpunga. Mtoto ana mguu huyo! Tangu anajifunza kusimama alikuwa akipiga teke kila kitu cha mviringo: ndimu, chungwa, hata vitunguu vyangu. Sikatai. Ila kwangu sheria ni moja: hesabu kwanza, mpira unakaa uvunguni mwa kitanda changu. Nataka asome mpaka afike chuo kikuu pale Mazimbu, avae lile joho, nami nipige picha pembeni yake. (Mimi niliishia darasa la pili kule Kinole. Kusoma nasoma, ila polepole, kama ninachambua mchele.)

Sasa asubuhi tunakunywa chai na magimbi, Zuhura hali. Anayageuzageuza tu.

"Una nini wewe?"

"Bibi, leo kuna mgeni anakuja shuleni kutuangalia. Anatoka shule ya wasichana ya kulala. Akikutaka, unasoma kwao bure."

Gimbi likanikwama kooni. Enzi zetu shule ilikuwa ya serikali, basi. Siku hizi zimefunguliwa kila kona kama maduka, na zile nzuri sisi tunazisikia kwenye redio tu. Bure!

"Anawachagua kwa akili?"

"Kwa akili na kwa..."

"Basi kula, uondoke mapema!" nikamkata. (Ningemwacha amalize sentensi yake, leo mngekuwa hamna cha kusoma.)

Alipoondoka nikawaza, nikaona mtoto hawezi kuachwa peke yake siku kama hii. Nikavaa kitenge changu cha harusini, nikapanda shuleni. Barazani nikamkuta kijana mmoja, filimbi shingoni. Nikajua huyu ni mwalimu wa zamu, wao ndio wenye filimbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zuhura unamfundisha wewe?"

"Mimi mwenyewe, bibi. Mwalimu Elia. Karibu sana. Yule mtoto ni hazina!"

"Nashukuru. Huyo mgeni akija leo, Zuhura anashika namba ngapi?"

"Namba kumi, bibi," akasema, tena anatabasamu.

Kumi! Muhula uliopita nilisomewa ripoti, alikuwa wa tatu! Nikajua tayari, mpira umeshamla mtoto.

"Kumi ndiyo ya kunichekea?"

"Bibi, hapo ndipo panapomfaa. Hatumtoi. Wenzake wote wanapatamani."

"Waache wapatamani! Mimi nataka namba moja."

Mwalimu akakuna kichwa. "Namba moja tuna Rehema, bibi. Yule mrefu."

"Urefu unahusika nini?"

"Ah, unahusika sana, bibi."

(Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana elimu imeharibika. Wanagawa namba kwa kimo!)

"Sikiliza, mwanangu. Mama yake Zuhura alikuwa namba moja. Mjomba wake Hamisi alikuwa namba moja shule nzima ya msingi."

Akashtuka. "Kumbe ni ukoo?"

"Ukoo mzima! Na leo Zuhura asipokuwa namba moja, naondoka naye sasa hivi, huyo mgeni wako aje aangalie miti."

"Bibi, mbona unanipa mtihani? Haya, nitamjaribu kipindi cha kwanza tu."

"Vipindi vyote!"

"Vyote?"

"Mpaka kengele ya mwisho!"

Nikateremka nyumbani kifua mbele. Njiani nikawa nasalimia hata watu nisiowajua.

Saa kumi jioni nikarudi kuona mgeni anavyompokea mwanafunzi wangu wa kwanza. Nikashangaa darasani hakuna mtu. Watu wote wako uwanjani, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye mibuni ya mwalimu mkuu. Bi Tausi, jirani yangu, akanisogezea nafasi kwenye ubao wa kukalia wa mbele. Yeye ana wajukuu wanne wacheza mpira, anajua kila kitu. Mimi uwanjani sijawahi kukanyaga.

"Mgeni yuko wapi?"

"Yule mama mwenye kofia pana. Anachagua watoto wenye mpira na akili. Lazima uwe na vyote viwili."

Nikasema, basi, ndiyo maana wameanza na mpira, akili watapima baadaye. Timu zikatoka. Zuhura wangu akawa wa mwisho. Wenzake wamevaa jezi ya bluu, yeye kavaa ya njano inayomfika magotini, na mikononi mifuko minene kama ya kutolea mkate kwenye tanuri.

"Masikini, anasikia baridi?" nikauliza.

Bi Tausi alikuwa anamtazama Zuhura akienda kusimama peke yake kule mwisho, kwenye milingoti.

"Mbona wamemfunga kule kama mbuzi?"

"Hata mimi nashangaa," akasema. "Mtoto wa kufunga magoli wamemweka golini!"

Mpira ukaja. Ukapita. Ukaja mwingine, ukapita katikati ya miguu yake. Wa tatu akaurukia, akaanguka upande mwingine kabisa. Mama mwenye kofia akafunga kalamu yake, akaitia mkobani. Zuhura alikuwa analia, anajifuta kwa yale mamifuko.

Nikapandwa na hasira. "Nani kamweka pale?"

"Nasikia bibi mmoja alikuja asubuhi," Bi Tausi akasema, "akamtisha mwalimu kwamba mtoto lazima awe namba moja."

"Sasa namba moja na lile goli vinahusiana nini?"

Akanigeukia polepole. Wallahi, sitausahau ule uso.

"Shoga, golikipa ndiye namba moja. Namba kumi ndiye mchezeshaji. Sasa wewe asubuhi ulikwenda wapi?"

Jamani. Masikio yalipata moto.

Sikungoja. Niliingia uwanjani na kitenge changu cha harusini, nikakata katikati moja kwa moja. "Mwalimu Elia! Mwalimu Elia! Mrudishe mtoto kumi!"

"Bibi, toka! Mpira unachezwa!"

"Mrudishe kumi! Mimi nilidhani ni ya darasani!"

Uwanja mzima ukasimama. Isipokuwa mtoto mmoja wa timu ile nyingine, ambaye hakusikia, akapiga shuti. Mimi niko mbele ya goli. Puu! Likanipata mgongoni, kandambili ikaruka huku, mimi nikakaa chini kule, mpira ukatoka nje.

"Kadaka! Bibi kadaka!" Shule nzima! Mwalimu mkuu alishika mti. Mwalimu Elia alikaa kwenye nyasi, filimbi mdomoni, kila akicheka inalia yenyewe.

Zuhura peke yake hakucheka. Alikuja mbio, akanishika kiuno.

"Bibi, umeumia?"

"Sijaumia. Darasani uko wa ngapi?"

"Wa pili, bibi. Nilitaka nikwambie matokeo yakibandikwa."

Nikamvua yale mamifuko mwenyewe, moja moja. Nikamfuta uso kwa ncha ya kitenge. "Vaa ya bluu. Nenda kacheze unavyojua wewe."

Nilirudi kwenye ubao nikichechemea, lakini nilimwona. Nyie, kumbe mjukuu wangu ndivyo alivyo! Anaupokea mpira kama anamchukua mtoto mgongoni mwa mama yake, taratibu, usiamke. Watatu wanamjia, wanabaki wanatafutana. Alifunga mawili, akatoa pasi ya la tatu. Yule mama akaitoa tena kalamu yake.

Mwisho akaja mwenyewe, macho bado yana machozi ya kicheko. "Shikamoo, mama. Mtoto tunamtaka. Jumamosi atafanya mtihani wa hesabu na Kiswahili. Na nikuambie mapema, kwetu ukishuka darasani, jezi unarudisha."

"Hapo tumeelewana," nikamwambia.

Sasa niko nyumbani, mgongo nimeukanda maji ya moto. Nimewaita wote sebuleni na nimesema hivi: mpaka Jumamosi, Zuhura asitumwe hata chumvi. Maji atateka mjomba wake Hamisi. Redio izimwe mtoto akifungua daftari. Saa kumi jioni mpira utoke uvunguni bila kuniomba, nami nitakwenda naye uwanjani nikae. Na yeyote wa nyumba hii nitakayemsikia ananiita golikipa, alale na njaa.