Hatua Nilizokula Mara Mbili

Watu wangu, leo nimepatikana. Acha niwaambie mwenyewe kabla mama mkwe hajawaambia.

Miezi mitatu iliyopita daktari wa kliniki moja hapa Nakuru alinipima presha, akapima tena. Akasema nipunguze kilo sita, la sivyo naanza dawa za kila siku. Nilitoka pale nikisikia baridi. Baba yangu alipigwa na stroke akiwa na miaka hamsini, na mpaka leo mkono wake wa kushoto haushiki kikombe. Mimi niko arobaini na mbili. Mnaelewa.

Nikaweka kwa simu app ya kuhesabu kalori. Kitu ya kwanza iliuliza: kwa siku unasonga kiasi gani? Mimi nina agrovet, duka la dawa na chakula cha mifugo, hapo Bondeni. Nikafikiria magunia ya chakula cha ng'ombe yanayotoka pale, nikabonyeza "kazi nzito". (Magunia hubebwa na wateja. Mimi hushika mlango.) App ikanipatia kalori elfu mbili mia saba kwa siku. Nikaona haya ndiyo maisha.

Kisha kila jioni nikawa nashuka matatu stage moja kabla ya nyumbani, huko Lanet, natembea nusu saa. Naandika kwa app, app inaniongezea kalori mia tatu. Na mimi si mtu wa kukataa zawadi. Chapati moja, siku zingine na nusu. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Unatembea ndio upungue ama ndio ule?" Nikamwambia hii ni sayansi.

Mizani sikununua. Niliogopa. Suruali ilipoanza kubana nikasema ni misuli.

Leo ndio ilikuwa siku ya kurudi. Chai ilinikataa asubuhi. Nikafika kliniki. Nesi, msichana mdogo hivi, akaniambia, "Mzee, panda hapa." (Mzee.) Nikapanda.

"Umeongeza kilo mbili," akasema.

"Hiyo mizani iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi ni viatu."

Nikavua viatu. Nikavua koti. Nikatoa simu, funguo, waleti. Namba ilisonga kidogo tu, kama mtu anayekuonea huruma. Nikavua mshipi.

"Mzee, mshipi hauna kilo mbili."

Lakini kichwani naona tu mkono wa baba. Nikamwomba anipe dakika moja nijipime mwenyewe. Akavuta pazia, akatoka. Hapo ndipo nikakumbuka jeans ni nguo nzito.

Nikaishusha. Nikaitoa kabisa. Nikapanda mizani na boxer na soksi, nimeinama kusoma namba, na pazia likafunguliwa.

Mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka Olenguruone kuchukua dawa zake za presha. Huyu ni mama ambaye kwa miaka kumi na tano sijawahi kukaa mbele yake bila kufunga vifungo vyote vya shati.

Akaniangalia. Akaangalia ukuta.

"Baba Faith," akasema polepole. "Kumbe ni wewe. Nilisikia mtu anabishana na mashine."

"Ni mimi, mama." Nikamsalimia kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa unatafuta suruali.

Nesi akarudi mbio, akamtoa, nikavaa. Akaniambia nikae. Akaomba kuona simu. Akasoma, akauliza kazi yangu, akauliza kuhusu matembezi, kisha akauma mdomo asicheke.

"Ukichagua kazi nzito, app imeshakuhesabia kusonga kote. Ukiandika tena matembezi, umehesabu hatua zile zile mara mbili. Na mara mbili umezila."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Chagua mtu wa kukaa. Halafu matembezi uyaongeze. Na usile kalori zote inazokupatia, hizo app hukadiria juu."

"Mtu wa kukaa?" Hiyo iliniuma kuliko kilo.

Akanipima presha, ilikuwa juu sana. Akasema kwa yaliyonipata hata yake ingepanda, nikae nje nitulie. Nafasi ya pekee kwa benchi ilikuwa kando ya mama mkwe. Nikakaa. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Hizo dawa si kifungo. Mimi nameza mwaka wa tisa, na bado nalima." Sikujua machozi yalikuwa karibu hivyo.

Walipopima tena ilikuwa imeshuka kiasi. Daktari amenipa wiki sita zaidi, lakini safari hii nesi ndiye amejaza app. Jibu la kazi yangu ameandika bila kuniuliza.

Kwa wote niliowafundisha hesabu yangu kwa hii grupu, samahani, anzeni upya. Na kama ni lazima mcheke, kucheka pia ni mazoezi. Mhesabu mara moja tu.