Wimbo wa Matoleo wa Mwalimu Laurenti na Mbuzi wa Bibi Rosa

Wekeni chini majembe, enyi wapanda karoti wa milima ya Uluguru, nanyi mlio bondeni mjini zimeni redio, mpate kusikia habari za Laurenti, mwalimu wa kwaya, Jemadari wa Sauti Nne! Miaka mitatu aliongoza wimbo uleule wa matoleo, hata kuku wa kigango wakaukariri, ndipo wanakwaya walipompa sharti: alete wimbo mpya Dominika hii, la sivyo ampishe Ignas, ambaye fimbo ya kuongozea alikwisha kuinunua.

Shujaa akajifunga kibwebwe, akatwaa daftari, akatoka kuteka sauti. Mashine ya kusaga aliipora mngurumo, akaufanya besi. Mtoni aliwavizia kina mama waosha karoti, akatoroka na mapigo ya kusugua kwao, wala wasijue. Lakini sauti ya kwanza, malkia wa wimbo, ilimgomea katakata. Ijumaa ikafika, naye akaogopa kwelikweli, kwa maana heshima nyingine kijijini hakuwa nayo.

Jioni hiyo, njiani, akamsikia Bibi Rosa akimwita mbuzi wake, mkaidi asiyeitika: "Njoo weee, njoo nyumbani, jua limekuchwa!"

Laurenti akaganda. Usiku ule aliirefusha sauti ile, akaipandisha mwishoni, na penye "jua limekuchwa" akaweka "Bwana anangoja".

Dominika, saa ya matoleo, kwaya ikapaza: "Njoni weee, njoni nyumbani!" Mara mlango ukasukumwa. Mbuzi wa Bibi Rosa, kamba ikiburuta, akapita katikati ya mabenchi kwa madaha hadi altareni, na Padre akanyoosha mikono kumpokea.

"Padre, usimguse!" Bibi Rosa alisimama. "Huyo si sadaka, kaitwa! Nawe Laurenti, sauti hiyo ni yangu!"

Jemadari akauona ualimu ukimponyoka. "Shikamoo, Bibi. Ni yako, nakiri mbele ya umati huu. Niliiokota njiani, nikaivika nguo za kanisani."

Bibi akamtazama mbuzi, akawatazama wanakwaya.

"Miaka minne namwita, haji," akasema. "Kesho jioni mje wote, mniitie."

Basi na iandikwe, vizazi visome: Jumatatu ile, watu ishirini na wawili wenye majoho walijipanga uani kwa Bibi Rosa, Mwalimu Laurenti akainua mkono, na mbuzi akarudi nyumbani. Besi aliimba Ignas.