Harufu Tarajiwa ya Chumba cha Kufulia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Watumishi, ambaye ni mimi. Kaimu Katibu wa kamati hiyo, ambaye kwa leo pia ni mimi. Mganga Mkuu wa hospitali hii, anayewakilishwa na kiti chake. Wakuu wa vitengo mlioketi mbele karibu na feni niliyokuja nayo. Wakuu wa vitengo mliochelewa na kusimama mbali nayo. Msimamizi wa Mashuka. Wafuaji, wakamuaji, wapiga pasi na wakunjaji. Mama zangu, dada zangu, nawe seremala hapo mlangoni, ambaye nakuomba usiondoke. Itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi. Wanaopiga ni wanne, wote wa karibu na feni.)

Nimesimama ndani ya chumba hiki, ambacho kipimajoto kilichotundikwa juu ya mashine ya kukaushia kinadai kina nyuzi arobaini na moja, takwimu ambayo ofisi yangu haijaithibitisha, ili kufunga rasmi Mradi Shirikishi wa Kujitunza Msimu wa Joto kwa Mafuta ya Lavenda, ambao ni wa kwanza wa aina yake katika idara, katika jengo hili na, kwa kadiri nilivyoulizia, katika ukoo wangu. Tulitoka kwenye dhana, tukaingia kwenye frimuweki, kutoka kwenye frimuweki tukaenda wokshopu ya siku tatu yenye bwawa la kuogelea, na huko stekiholda wote tukakubaliana kwamba mtumishi anayetoka jasho ni mtumishi ambaye hajajitunza. (Mtu anacheka nyuma. Anaacha.)

Matumizi ni rahisi. Unachukua matone mawili unapaka kwenye viganja vya mikono, unafumba macho, unavuta pumzi ndefu kupitia puani, unaishikilia hadi hesabu ya nne, unaiachia. Jioni unatia matone matano kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unaloweka miguu kwa dakika ishirini. Usiku unadondosha matone matatu kwenye foronya, nawe unalala kama aliyeajiriwa jana. (Mkunjaji mmoja anauliza hizo dakika ishirini zikatwe wapi, maana wao wanasimama kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, na kila beseni lililomo humu lina mashuka ya wodi ya upasuaji. Wenzake wanamwambia akae kimya asije akaundiwa kamati.) Dada yangu, swali lako ni la kiutekelezaji, nami nitalijibu kimkakati: litajibiwa.

Impakti tumeipima. Asilimia tisini na nne nukta sita ya waliohojiwa walisema wanajisikia watulivu zaidi kuliko mwaka jana, na hao ni mimi. Asilimia iliyobaki ni dereva wangu, ambaye siku ya mahojiano alikuwa na mafua. Ninayo hapa chupa. Naomba ipite mkono kwa mkono, kila mtu anuse, asinuse mara mbili. (Chupa inapita. Wa kwanza anasema hasikii kitu. Wa pili anasema anasikia harufu ya chupa. Mkamuaji anaigeuza juu chini, anaitikisa, kisha anampa jirani yake kwa heshima zote.) Chupa hiyo ni ya mfano, na kwa sababu za kiusalama haijatiwa kitu.

Sasa niguse suala la madirisha, maana najua linasemwa pembeni. Waraka namba saba, nilioutia sahihi mwenyewe, uliagiza madirisha yote sita ya chumba hiki yapigiliwe misumari siku kumi na nne kabla ya mafuta kufika, ili harufu itakapoingia isikute upenyo wa kutorokea. Huo ndio unaitwa utayari. Ofisi nyingine zingesubiri harufu itoroke kwanza. (Seremala anaangalia viatu vyake.)

Nimearifiwa pia kwamba Jumanne mtumishi mmoja wa mashine ya kukaushia alianguka. (Wote wanageuka kumtazama binti aliyekaa juu ya furushi la mashuka, mjamzito wa miezi saba, uso umelowa. Dada wa baba yake, mpiga pasi wa siku nyingi ambaye idara nzima inamwita Shangazi, anampepea kwa kipande cha boksi.) Napenda kuweka kumbukumbu sawa: hakuanguka, bali alipumzika bila kufuata utaratibu. Na asubuhi hii nimepokea barua kutoka kwa huyo Shangazi wenu, ya mstari mmoja, nami naipongeza kwa ufupi wake, ikisema kwamba madirisha yasipofunguliwa leo kufikia saa sita, atamchukua binti wa kaka yake aende naye nyumbani, chumba kizima kitatoka nyuma yao, na wodi kumi na moja zitalaza wagonjwa kwenye magodoro matupu. Kwa saa yangu imebaki robo saa, kwa hiyo nina muda wa kutosha kueleza malengo mahsusi, ambayo ni kumi na tisa.

Lengo la kwanza ni kujenga uwezo. Lengo la pili ni kujenga uwezo wa kujenga (Shangazi anampa jirani kipande cha boksi, anasimama, anasema, "Samahani, mheshimiwa. Huyu mtoto akianguka tena haanguki peke yake. Mafuta hatuyataki. Tunataka dirisha.")

Ahsante, mama. Hiyo ni fidbaki, na tutaiingiza kwenye deta. Lakini lazima tuelewane kitaalamu: dirisha moja tu likifunguliwa, tutapoteza asilimia sitini na nane ya harufu.

("Harufu ipi?")

Harufu tarajiwa. (Binti anashika kichwa. Wanawake wawili wanamlaza juu ya furushi na kumfungua kola. Mkunjaji anaichukua feni mbele ya wakuu wa vitengo bila kuomba ruhusa, waya haufiki, anairudisha. Wapiga pasi wanaanza kuzima pasi, moja baada ya nyingine.)

Kwa kuwa naona mnajiandaa kwa mapumziko, niruke malengo kumi na saba niende kwenye kaulimbiu. Nikisema "lavenda", mnajibu "vuta pumzi". Lavenda. (Mtu mmoja anakohoa.) Nashukuru. Kikohozi nacho ni pumzi.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawatafuta. Naishukuru kamati ya ununuzi, ambayo itateuliwa. Nawashukuru wakulima wa lavenda popote walipo, kwa kuwa hatujawasiliana nao, na fomu ya kuagizia mafuta haijachapwa, ila ripoti ya mafanikio imekwisha kupelekwa ngazi za juu na kusifiwa. Zaidi ya wote namshukuru seremala wetu, kwa kuwa katika mradi mzima yeye peke yake ndiye aliyefanya kitu, alipigilia misumari mia moja na arobaini na nne, na sasa namwomba aje mbele apokee cheti. (Seremala haendi mbele. Anakwenda kwenye dirisha la kwanza na nyundo yake, anamwambia Shangazi, "Nisamehe, dada, niliambiwa ni kwa siku mbili," na kuanza kung'oa. Msumari wa kwanza unatoka kwa mlio mrefu. Wanawake wanampangia vikapu vya nguo apande. Dirisha linafunguka. Binti anasogezwa chini yake, naye anafumbua macho na kuomba maji. Ni saa sita kasoro dakika mbili. Wapiga pasi bado hawajawasha pasi. Wanahesabu madirisha matano yaliyobaki.)

Mnachoshuhudia, ndugu zangu, ni Awamu ya Pili, ambayo imeanza kabla ya wakati wake kutokana na uongozi thabiti. Iandikwe kwenye muhtasari kwamba hewa hii imetolewa na ofisi yangu. Ahsanteni kwa kunisikiliza, na seremala, ukimaliza hapo, pita ofisini kunifungulia na la kwangu.