Gome Chungu la Mama Victorine

Enzi za Wabelgiji, Musafiri wa Kasongo alikuwa na mali mbili: koti jeupe kama la muganga, na mdomo. Koti alishonewa. Mdomo alizaliwa nao.

Asubuhi moja, sokoni Kabambare, alimwona Mama Victorine akimpa mgonjwa wa homa kijipande cha gome la mti na kupokea kuku mzima. Musafiri alitazama kijipande, akatazama kuku, akatabasamu. Alinunua kikapu kizima. Mama alipoanza kumweleza namna ya kulitumia, yeye alikwisha kuondoka.

Saa sita alikuwa upande wa pili wa mji, mbele ya duka la Zuberi. Mwenye duka alijifunika blanketi juani, akitetemeka.

"Dawa hii imetoka Ulaya," Musafiri akasema kwa sauti ya padri. "Inaondoa homa, maumivu ya mgongo, na uzee kidogo."

"Nakunywa namna gani?"

"Chemsha kikapu yote. Kunywa mpaka iishe."

Zuberi alilinusa gome kwa muda mrefu. Pesa hana, akasema, ila ana baiskeli. Musafiri alikunja uso kama mtu anayeonewa, akaichukua.

Akarudi kwa Victorine kutafuta kikapu cha pili, kengele ikilia njia nzima. Mama aliitazama baiskeli, kisha akamtazama yeye.

"Ile ya kwanza umeipeleka wapi, baba?"

"Mutu mumoja iko na homa. Nimemuambia achemshe yote."

"Yote? Mutu mukubwa anachemsha kipande kama kidole tu, na mwenye mimba hagusi! Ukizidisha, masikio yanalia, macho yanafunga, kisha moyo unasimama."

Musafiri aligeuza usukani kuelekea Kasongo. Akapiga pedali tatu, akasimama. Akilini alimwona tena yule mtu na blanketi lake. Akajitukana, akageuka.

Zuberi alikuwa uani, chungu kinachemka, kikombe mkononi.

"Usikunywe, baba! Itakuua!"

"Ee! Umepata mutu wa kukulipa zaidi?" Akakipeleka kikombe mdomoni.

"Haki ya Mungu! Chukua baiskeli yako!"

"Na koti."

"Na koti!"

"Na viatu. Niko mugonjwa, miguu inasikia baridi."

Musafiri alivua vyote, akamwapisha amwage dawa, akaondoka pekupeku.

Alipotokomea, Victorine akaingia na sahani mbili. Zuberi, mdogo wake wa tumbo moja, akafunua chungu: hakuna dawa, ni sombe tu, mboga ya majani ya muhogo. Homa yake ilikuwa ya kweli, lakini dada yake alikwisha kumpimia dawa tangu juzi. Lile gome Zuberi alilitambua kwa harufu, kwa kuwa alilibandua mwenyewe.

"Nilijua atarudi kwako kutafuta ingine, na wewe utaona baiskeli," Zuberi akasema akicheka. "Lakini kurudi kwangu, sikuamini."

Victorine hakucheka. "Angeweza kukimbia na baiskeli, lakini alirudi. Umurudishie viatu. Koti tunabaki nayo."

Zuberi akapanda baiskeli, akamfuata barabarani akipunga viatu hewani na kupaza sauti: "Simama! Simama!"

Musafiri akageuka. Aliona mtu aliyemwacha na chungu cha sumu akimjia kwa kasi, blanketi likipepea mgongoni. Hakusubiri kujua kama ni mzima au ni marehemu. Alijitosa kwenye majani marefu, na walioko Kasongo wanasema alifika kwao kabla jasho halijakauka.